Bega la Kushoto

Bega la kushoto la baba
halijashuka tangu Machi,
Machi ya mwaka ule nikiwa darasa la nne,
ngazi ya saba ya mgodi ilipoporomoka.
Saa kumi na tisa alikaa ameuegemea mwamba,
au mwamba ndio uliomwegemea,
hatukuwahi kuuliza.
Walipomtoa alisema, "Niko sawa,"
akaomba sigara,
akaoga, akala supu ya maharage,
na bega likabaki kule juu, karibu na sikio,
kama mlinzi ambaye hakuna aliyekuja kumpokea zamu.

Miaka thelathini na mmoja.
Mgodi umefungwa, nyasi zimeota kwenye reli,
mnara umepakwa rangi, watalii wanaupiga picha.
Bega halijapata habari.

Daktari wa Oviedo alitazama picha za mifupa,
akazigeuza, akasema hakuna kitu.
Hakuna kitu! Na mama, Mungu amrehemu,
alizipunguza shati zake zote upande mmoja
kwa ajili ya hicho kisichokuwapo.

Jumanne, saa kumi na moja jioni,
nje manyunyu yasiyoisha ya bonde letu,
tunavua viatu mlangoni mwa ukumbi wa chama cha wachimbaji.
Watu kumi na wawili. Soksi zenye matundu.
Prudencio aliyekuwa fundi wa baruti,
Etelvina wa duka la mikate,
kijana mmoja asiyetaja jina lake,
na Nieves, mwalimu, ambaye hasemi nyoosha wala kaza;
husema, "Sikilizeni mguu unavyokutana na sakafu."
Baba ananinong'oneza: "Wangu hauna cha kusema."
Lakini anaushusha polepole,
kisigino, ukingo, vidole,
kama mtu anayejaribu ngazi gizani.

Nampenda Nieves kwa neno moja: Naweza?
Kabla ya kugusa, huuliza.
Kiganja husimama hewani, wazi, kikasubiri.

Leo ametupanga wawili wawili, mimi na baba.
Mkono wangu uko nusu shibiri kutoka mgongo wake.
"Baba, naweza?"

"Hapana."

Tulishtuka wote wawili.
Neno hilo halikuwa na kiti nyumbani kwetu.
Alisema ndiyo kwa msimamizi, ndiyo kwa zamu ya pili,
ndiyo kwa kizimba kilichomteremsha asubuhi ile.
Nieves akapita nyuma yangu, akasema taratibu,
"Vyema. Rudisha mkono. Ila usiondoke."

Nikarudisha mkono. Sikuondoka.
Tukakaa hivyo, mimi na mgongo wake,
mvua ikihesabu mabati.
Nikaisikia pumzi yangu, fupi, ya juujuu,
kisha, jambo ambalo sikulitarajia,
nikaliona bega langu mwenyewe la kushoto
limepanda karibu na sikio.

Hakuna aliyenifundisha.
Wengine hurithi shamba.

Sijui zilikuwa dakika ngapi.
Baba akaanza kuyumba, kidogo,
kama ndoo kwenye kamba,
mbele, nyuma,
halafu mkono wake ukaja nyuma, kipofu, ukipapasa,
mkono wenye makovu ya buluu, makaa chini ya ngozi,
ukanishika kiganja,
ukakiweka pale.
Pale penyewe.
Palikuwa na joto. Palikuwa pakitetemeka
kama mnyama mdogo aliyefichwa ndani ya koti.

Bega halikushuka. Nisidanganye.
Labda upana wa kidole. Labda ni shati tu.

Lakini tulipokuwa tukipanda kilima kurudi nyumbani
alisimama mbele ya duka lililofungwa, akasema,
"Kulikuwa na maji. Yalikuwa yakidondoka. Nilikuwa nayahesabu."
"Ulifika ngapi?" nikauliza.
Akanitazama,
akauhamisha mwavuli,
akaushika kwa mkono wa kushoto.